Mivumu ya Uwanja wa Ndege

Watu wa upande wa Bugarama wakimtaja Anatoli husema "yule mwenye ndege", utadhani ndege zilikuwa mbuzi wake wa kufuga. Maskini, hakuwahi kumiliki hata tairi la ndege. Alichokuwa nacho ni fyekeo, filimbi, shuka jeupe na blanketi jekundu, vyote mali ya misheni, na kazi yake ilikuwa kuutunza uwanja wa majani ambapo ndege ndogo ya dawa ilitua mara moja kwa mwezi. Uwanja ukiwa salama, alilitandaza shuka jeupe mwanzoni mwake: karibu, tua. Ng'ombe wakiwa wameingia, au mvua imeacha tope, alipunga blanketi jekundu: usitue. Rubani alimwamini kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe. Anatoli alilijua hilo, na alitembea kifua mbele.

Ugonjwa wake ulianzia Buganda. Kabla ya Uhuru vijana wa Ngara walikwenda huko kwa miguu kuvuna kahawa na pamba za watu, wakarudi na baiskeli, na koti, na maringo. Anatoli naye alikwenda. Lakini Jumapili, wenzake wakishindana kumaliza mitungi ya pombe, yeye alishika njia ya Entebbe, akasimama nje ya seng'enge ya uwanja wa ndege toka asubuhi hadi magharibi, shingo juu. Baada ya miaka miwili wenzake walirudi na baiskeli. Yeye alirudi mikono mitupu, ila aliweza kuitambua ndege kwa mlio wake kabla haijatokeza mawinguni.

"Tembea uone, baba," alijitetea.

"Umeona," baba yake akamjibu. "Sasa yatafune hayo macho yako."

Hakupona. Akisikia kuna uwanja mpya mahali, Biharamulo, Mwanza, Tabora, alifunga mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba na kuondoka. Domisiana, mkewe, alizoea. Alisema afadhali mume anayefuata ndege, maana ndege hazizai naye.

Katika watoto watano waliozaliwa nyumba ile, aliyebaki hai ni mmoja, Verediana. Binti mwembamba, mcheshi, mwenye kidevu cha baba yake. Aliolewa na Protasi, kijana wa jirani, na mimba ya kwanza nusura imwondoe. Siku mbili alilala akiugulia, na mtoto akatolewa maiti. Sista Clotilda, mkunga wa misheni, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliwaita wazazi pembeni ya wodi.

"Nyonga zake ni nyembamba. Mtoto mwingine hatapita njia hiyo, atatoka kwa kisu, na kisu kiko Mwanza. Akishika mimba tena, mwezi wa nane nampandisha ndege. Mmenisikia? Bila ndege tutawapoteza wote wawili."

"Sista, ndege ni zetu," Anatoli akasema. Na kwa kweli aliamini hivyo.

Hapo ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Lakini ili kisa hiki kieleweke lazima turudi nyuma kidogo, kwenye safari yake kubwa, kwa sababu balaa lote lilisafiri naye kutoka huko, likiwa limekunjwa kichwani mwake kama barua.

Mwaka wa sabini na nne serikali ilikuwa imewahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Watu walilia. Waliacha migomba inazaa, waliacha makaburi, waliacha mivumu yao. Mvumu ndio mti wa boma huku kwetu. Zamani magome yake yalitengenezewa nguo, matawi yake yanasimikwa kuwa ua, na ukiona mivumu mikubwa imesimama peke yake porini unajua hapo palikuwa kwa watu. Basi kila mtu alilia, isipokuwa Anatoli. Kijiji kipya kilikuwa kimechorwa kandokando ya uwanja wa ndege! Aliibomoa nyumba yake kwa mikono yake kabla ya siku ya amri, akabeba nguzo kichwani, akajenga mahali ambapo akifungua mlango anaona uwanja. Katibu wa Chama wa kata, Ndugu Gozbert, alipoona hivyo aliandika ripoti kwamba amepata mwananchi mwenye mwamko mkubwa wa kisiasa. Mwamko gani! Mtu alitaka tu kusogea karibu na ndege.

Mwaka uliofuata Chama kilipotafuta wakulima kumi wa kwenda kutembelea nchi rafiki ya mbali, nchi ya baridi, jina la mwananchi mwenye mwamko lilikuwa tayari limeandikwa.

Wakulima tisa walivaa makoti ya kuazima yaliyonuka dawa ya nondo na kutapika ndani ya ndege. Wa kumi alikaa dirishani, machozi yanamtoka, akilitazama bawa lilivyotikisika. Alikuwa ameangalia ndege miaka ishirini kutoka chini, na siku hiyo aliona ardhi kama ndege inavyoiona. Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba kutoka juu mtu haonekani kabisa. Mashamba yanaonekana, mabati yanaonekana, mtu haonekani.

Huko ugenini walionyeshwa matrekta, ng'ombe wa maziwa, na matrekta mengine. Kila asubuhi Anatoli alimwuliza mkalimani, mama mmoja mkondefu aliyesema Kiswahili kama mtangazaji wa redio, "Ndugu, na ndege zinatengenezewa wapi?" Siku ya sita mama wa watu alichoka. Akaomba ruhusa kwa wakubwa wake, na wakulima kumi wakapelekwa kwenye kiwanda cha ndege ndogo, zile za kunyunyizia mashamba dawa na kubeba wagonjwa.

Lilikuwa banda moja refu, urefu wa kutoka kanisani hadi sokoni. Ukiingia mlango huu ndege ni mbavu tupu. Ukitembea, inaota mabawa. Ukitembea tena, inapata miguu, halafu moyo, halafu rangi, na ukitokea mlango wa pili inanuka petroli na inataka kuondoka. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake waliofunga vitambaa kichwani, na walifanya kazi wawiliwawili. Mmoja alisimama nje ya bawa akigongomea ribiti, kijisumari cha kuunganishia mabati, kwa mashine inayolia kama mvua ya mawe. Mwenzake alikuwa amejipenyeza ndani ya bawa lenyewe, gizani, ameshikilia kipande cha chuma upande wa pili ili ribiti ipate kukaa. Hawakuonana. Aliye ndani alibisha mara moja kumaanisha imekaa, mara mbili kumaanisha rudia. Anatoli alisimama pale hadi wenzake wakamwacha, akisikiliza kubisha kule. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ndege: mtu wa nje kumwamini mtu wa ndani asiyemwona. Alimfikiria rubani, na shuka lake jeupe. Mwanamke mmoja alimwekea ribiti kiganjani, ndogo kama punje ya hindi, akamkunjia vidole.

Jioni yake wakapelekwa makumbusho ya ndege. Jumba lenyewe lilikuwa na sakafu inayong'aa, na ndege za zamani zimening'inizwa darini kwa waya, nyingine za mbao na turubai, nyingine zimepigwa risasi na matundu yameachwa makusudi yaonekane. Kimya kama kanisani. Wenzake walikaa kwenye benchi wakikanda miguu. Yeye alikwenda kutoka moja hadi nyingine, mikono nyuma, na alipoigusa mojawapo mlinzi mzee mwenye medali kifuani alikohoa.

Kwenye kona kulikuwa na meza yenye mfano mdogo wa kijiji: nyumba, miti, na uwanja wa majani kama ule wake, sawasawa. Kwenye uwanja vimesimikwa vijiti, safu kwa safu, kama njiti za kiberiti.

"Hivi ni nini?" akauliza.

Mkalimani akaeleza. Zamani, katika vita kuu, adui alipokaribia, wanakijiji wale walisimika nguzo kwenye uwanja wote ili ndege za adui zisiweze kutua. Wakaokoka. Ndiyo maana wamewekwa makumbusho.

Anatoli alitazama vile vijiti kwa muda mrefu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa uwanja na si mtu wa hotuba, aliuliza swali la mtu wa uwanja.

"Na vita ilipokwisha, walizing'oaje?"

Mkalimani akamwuliza yule mlinzi mzee. Mzee akamtazama Anatoli, akacheka kidogo, cheko la puani, akasema maneno mengi. Hapo honi ikalia nje. Mkalimani akatazama saa yake. "Wakati umekwisha, Ndugu. Twendeni, basi linasubiri."

Akarudi nyumbani. Kijiji kilimkusanyikia kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama ilivyo desturi mtu akitoka safari, na alisimulia siku tatu. Vikongwe walitikisa vichwa kuhusu jumba la ndege zilizokufa: kwa nini wasizike? Ribiti alimpa Verediana, naye akaitundika kwenye rozari yake karibu na msalaba. Toka hapo Anatoli hakuwa tena mfyeka majani. Alikuwa mtu aliyefika.

Vita ya Nduli, yule aliyetuvamia kutoka upande wa Buganda, ilianza mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane. Ngara ilikuwa mbali na mizinga, lakini hofu haina mpaka. Malori yote yalichukuliwa kwa kazi ya jeshi, mabasi yakakoma, vijana wakaitwa, Protasi akiwa mmoja wao. Aliondoka akiwa amemshika Verediana tumbo, maana Verediana alikuwa mjamzito tena, na Sista Clotilda alikuwa ameshaandika jina lake kwenye ndege ya Desemba.

Ndipo ikaja amri: viwanja vidogo vyote vizibwe, adui asije akatua. Ndugu Gozbert akaitisha mkutano.

Sista Clotilda alikuja na jibu lake. "Misheni ina mapipa matupu ya mafuta ya taa, thelathini. Tuyajaze mawe, tuyapange uwanjani. Tukihitaji, tunayavingirisha pembeni."

Lilikuwa jibu zuri, na mkutano ungeishia hapo watu wakaenda kupalilia. Lakini Anatoli alisimama. Ah, Anatoli! Kama angekuwa na jino bovu siku ile, kama angekuwa amelala!

"Mapipa?" alisema. "Ndugu zangu, mapipa ni mchezo wa watoto. Hata adui anayavingirisha. Mimi nimeona kwa macho yangu jinsi kazi hii inavyofanywa. Wenzetu wamewekwa makumbusho kwa kazi hii."

Akaeleza nguzo. Safu themanini, kila safu nguzo tatu, kina cha mkono hadi kiwiko, zishindiliwe kwa mawe. Alichora chini kwa kijiti. Ndugu Gozbert aliandika kila neno, na macho yake yaliwaka, maana hakuna kata nyingine ingekuwa na kitu kama hicho. Watu walipiga makofi.

Nyumbani Domisiana alimngojea mlangoni.

"Na Verediana atapandia wapi?"

"Ndege zimezuiwa zote, mama Vere. Ngazi hiyo imeondolewa juu, siyo na mimi. Vita haifiki Krismasi. Ikiisha tunang'oa."

"Mtang'oaje?"

Alikumbuka honi ya basi. "Tunang'oa tu," alisema.

Nguzo mia mbili na arobaini si mchezo. Miti mikavu kijijini ilikuwa imekwisha tangu mwaka wa kwanza wa kuhamia. Kwa hiyo watu walirudi kila mmoja kwenye mahame yake, wakakata matawi ya mivumu yao ya zamani, mabichi, yanatoka utomvu, mazito kama mtoto wa miaka mitano. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Huku kwetu ukitaka nguzo unakata mvumu, ndivyo ua unavyojengwa tangu babu na bibi. Hata Verediana, tumbo mbele, alileta nguzo yake moja kutoka mahame ya babu yake, akaishindilia udongo kwa kisigino, akicheka. Anatoli alipita safu kwa safu na kamba, akinyoosha. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza.

Katika wiki ya tatu aliona majani. Madogo, ya kijani ya kung'aa, juu kabisa ya nguzo moja, kisha nyingine, kisha safu nzima. Aliishika nguzo akaitikisa, nayo haikutikisika. Alijua, na hili ni lazima lisemwe kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha baadaye: siku ile alijua. Mvumu ulioingia ardhini na mvua hauwi nguzo, unakuwa mti. Lakini Ndugu Gozbert alikuwa ameshatangaza kwamba wakubwa wa wilaya watakuja kukagua uwanja wa mfano, na Anatoli ndiye atakayewatembeza. Majani si mizizi, alijiambia. Ngoja wakague kwanza. Wakubwa hawakuja wiki ile, wala iliyofuata.

Sista Clotilda naye hakulala. Kila asubuhi alikaa kwenye redio ya upepo ya misheni akiomba ndege iruhusiwe, safari moja tu, mgonjwa mmoja. Kila asubuhi alijibiwa asubiri. Alihesabu kwamba mtoto angefika mwishoni mwa Januari, na kwamba Mungu angetengeneza.

Mtoto hakusubiri Januari. Alhamisi kabla ya Krismasi, alfajiri, Verediana alishikwa na uchungu, na saa moja asubuhi Sista alikwisha kumpima na kujua kwamba ni yaleyale ya mara ya kwanza. Akakimbilia kwenye redio. Saa mbili alitoka ameinua mikono, analia na kucheka.

"Wamekubali! Ndege inakuja saa nane! Leo tu, Anatoli, ruhusa ni ya leo tu. Fungua uwanja!"

Muda wa saa sita nzima. Kijiji kizima kilishuka uwanjani na majembe, sururu, mapanga, na mikono. Waliokuwa wamepiga makofi walifika wa kwanza, sitaki waonewe. Anatoli aliwapanga. Rubani akiwa na mzigo mdogo anahitaji hatua mia tano, alisema, tuanze mwisho wa juu, safu moja baada ya nyingine.

Nguzo ya kwanza ilichukua wanaume wanne. Ilipotoka ilikuwa na mizizi myeupe, minene kama vidole, imekumbatia mawe waliyoyashindilia wenyewe. Minani, mgambo mwenye nguvu kuliko wote, ambaye ulimi wake wa Kirundi haukuwahi kupatana na herufi l, aliikumbatia ya pili, akavuta hadi mishipa ikamtoka.

"Haring'oki, baba! Rimeota!"

"Kateni," mtu akapiga kelele. "Tuyakate kwa panga!"

"Hapana!" Anatoli alijibu. "Kisiki kinapasua gurudumu, ndege inapinduka. Chimba, ng'oa, halafu fukia shimo, shindilia. Shimo likibaki ni kifo vilevile."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Ndiyo adhabu ya kujua. Kila nguzo ilitaka kuchimbwa, kung'olewa, kufukiwa, na kila aliyetaka njia ya mkato alizuiwa na Anatoli mwenyewe, jasho na machozi vikimtoka pamoja. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, Waswahili walisema, na siku ile aliyeutega alikuwa amepiga magoti ndani yake, anachimba kwa kucha. Kutoka wodini, mara kwa mara, walisikia sauti ya Verediana. Wanawake walichimba wakiimba rozari kwa nguvu ili wasiisikie.

Saa nane kasorobo Anatoli aliinua kichwa. Wengine hawakusikia kitu. Yeye aliisikia, nyuma ya vilima vya Nyakisasa, mlio wa injini moja, uleule aliousikia kila mwezi kwa miaka tisa. Akageuka akatazama uwanja. Safu arobaini na tatu zilikuwa zimetoka, na nguzo mbili za safu iliyofuata. Alipima kwa hatua, ingawa alijua. Hatua mia tatu na ushee. Kuanzia hapo hadi mwisho, mivumu ilisimama na majani yake, imenyooka vizuri, kazi ya mikono yake.

Ndege ilizunguka mara moja juu sana. Kisha ikashuka, ikapita, na watu walimwona rubani akichungulia chini. Anatoli alijua anachotafuta. Kutoka juu mtu haonekani. Kinachoonekana ni kitambaa.

Vitambaa vyote viwili alikuwa navyo, shuka begani, blanketi mkononi. Domisiana alikuja mbio kutoka wodini, kanga imemdondoka, akamshika shati.

"Tandaza shuka! Anatoli, tandaza shuka, atue!"

"Hatua hazitoshi, mama Vere. Atagonga miti. Ataungua."

"Atajua mwenyewe! Ni rubani, atajua! Mwanangu anakufa, tandaza shuka!"

Ndege ilirudi mara ya pili, chini zaidi, magurudumu yakiwa karibu kugusa majani, ikanguruma juu ya mivumu na kupaa tena. Yule mtu ndani yake alitaka kutua. Alisubiri tu aambiwe na mtu wa nje. Anatoli alihesabu tena kichwani, kama kuna hatua alizosahau, kama kuna pembe, kama upepo ukigeuka. Hakukuwa na kitu. Ndege ilipokuja mara ya tatu, aliinua mkono wake na kupunga blanketi jekundu.

Aliendelea kulipunga hata baada ya ndege kupotea. Minani ndiye aliyemshika mkono akaushusha.

Walimbeba Verediana kwenye ingobyi, ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa, wakashika njia ya barabara kuu kupitia Kasulo, kwamba labda wangekuta gari la jeshi. Wanaume walipokezana mbio, mbio. Anatoli alibeba bila kukubali kupokewa. Binti aliongea mwanzoni. Alimwambia baba yake kwamba amesikia ndege, na kwamba ilikuwa na mlio mzuri. Kabla hawajafika Kasulo, kwenye mpando, Sista Clotilda aliwaambia wasimame na wamteremshe chini. Mtoto alikwisha kumtangulia. Verediana alizikwa na rozari yake, na ile ribiti.

Protasi alirudi kutoka vitani mwaka uliofuata akiwa mzima, akakuta kaburi. Alikaa wiki moja, akaondoka, akaoa Biharamulo. Hakuna aliyemlaumu. Domisiana aliendelea kupika na kulima na kwenda misa. Alimhudumia mumewe kama mke yeyote, ila tangu siku ile alimwambia neno moja tu kuhusu jambo hilo, siku ya arobaini, akiwa anafagia.

"Shuka lilikuwa begani mwako."

Anatoli alichukua fyekeo akatoka. Angejibu nini? Kwamba aliokoa roho ya rubani? Aliiokoa, ndiyo. Hata Sista alimwambia hivyo, na padri, na ndani ya moyo wake alijua kwamba siku ile, kwa dakika zile, alifanya lililo sawa. Lakini lililo sawa lilichelewa wiki saba, na hakuna padri wa kuungamia wiki saba za maringo zikafutika.

Ndege ya dawa haikurudi. Ruhusa zilipofunguliwa, misheni ilitengeneza uwanja mwingine mbali huko, na nguzo mia moja na tisa zilizobaki ziliachwa. Kuzing'oa hakuna aliyetaka, na kuzikata hakuna aliyethubutu. Zilikua. Katika miaka michache tu zilikuwa na vivuli na viota.

Na wakubwa wa wilaya? Walikuja. Walikuja vita ikiwa imekwisha, wakiwa na wajumbe kutoka vijiji vingine, kuja kujifunza jinsi wananchi walivyojitolea kuulinda uwanja wao. Ndugu Gozbert alisimamia ugeni, na akampeleka kila mtu kwa Anatoli, kwa kuwa ni yeye aliyelileta wazo kutoka ng'ambo. Anatoli alitoka nyumbani kwake, akawaamkia, akawapitisha kati ya mivumu mikono nyuma. Alieleza safu. Alieleza kina. Alisema kwa sauti moja, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Mjumbe mmoja kutoka Nyakisasa, mkulima anayeitwa Nyandwi, mtu wa mikono mikubwa, alishika shina moja akalitikisa. Halikutikisika. Akacheka kidogo, kwa wema.

"Mzee, shikamoo tena. Kazi hii ni kubwa. Lakini nauliza kama mkulima. Mkitaka kuufungua uwanja, hizi mnazing'oaje?"

Ndugu Gozbert aliangalia chini. Watu wa kijiji waliokuwa wamefuatana na wageni waliacha kutembea. Anatoli akamkumbuka yule mlinzi mzee wa makumbusho mwenye medali, na maneno yote yale aliyoyasema ambayo hayakutafsiriwa.

"Kwa saa sita," alisema, "watu wa kijiji kizima, tuling'oa mia na thelathini na moja."

Nyandwi alingoja aendelee. Anatoli aligeuka, akawatangulia wageni kurudi kijijini, kwa sababu Domisiana alikuwa amewapikia.